Huduma ya "nenda mwenyewe ukavue trauti" ya duka moja la mishipi hapa Mombasa: karatasi safi, rodi bado

Naanza na bei manake ndo swali la kwanza la kila mtu. Karatasi ya mpango peke yake elfu tatu. Kukodi seti nzima, yaani rodi, rili, laini, kiboksi cha nzi bandia (vile vindoana vilivyovishwa vifanane na wadudu), kawavu ka mpini na ile suruali ya mpira ya kuingilia majini, ni elfu mbili mia tano kwa siku, na dipoziti elfu kumi ambayo wanakurudishia ukileta vitu vyao vizima. Hakuna mtu wa kukuongoza, hakuna gari, hakuna kambi. Wanakuandikia uende mto gani, mwezi gani, ulale wapi, ulipe nini na kwa nani, halafu wewe na mguu wako. Duka silitaji jina kwa sababu nina ya kulalamika na sitaki kumtilia mtu kitumbua chake mchanga, lakini nyinyi wavuvi wa mjini mtalijua tu.

Ni duka la bahari hasa. Ukiingia unakutana na ndoana za nguru, mishipi ya kuburuta, rapala, vile visamaki bandia, za kila rangi, marili makubwa ya watu wa Shimoni na Watamu wanaofuata sulisuli. Hii biashara ya mito ya bara wameianza juzijuzi, iko kona moja tu karibu na kaunta, na juu yake wamebandika picha kubwa ya samoni anaruka maporomoko. Sasa kila anayeingia anauliza huyo samaki anapatikana wapi. Mie pia niliuliza. Kijana wa hapo, mpole sana na anajua kazi, akanijibu: "Ami, huyo wa pichani ukimtaka ni paspoti na viza. Nduguye ukimtaka ni treni ya asubuhi."

Na hajadanganya. Samoni mtoni Kenya hatuna, ila trauti tuko nao, wa aina mbili. Brauni yuko ukoo mmoja na samoni wa Atlantiki, na reinbo yuko ukoo mmoja na samoni wa Pasifiki, wale wa Alaska. Kwa hivo picha si uongo sana, ni biashara.

Haya, karatasi. Kwanza si karatasi moja, ni kurasa kadhaa zimepigwa pini, na jamani huyu aliyeziandika apewe maua yake. Cha kwanza kabisa ni msimu na ameuelezea kwa hesabu ya mtu wa pwani. Masika ya Machi mpaka Mei mito ya Mlima Kenya na Aberdare inashuka na tope, maji rangi ya chai ya maziwa, samaki haoni nzi wako hata umpige nayo kichwani. Vuli ya Oktoba mpaka Disemba hivohivo ingawa si kila wiki. Unaenda Januari na Februari, ama unaenda Julai mpaka Septemba. Sasa angalia hapo kwenye Julai. Sisi huku kusi imeshika, bahari imechafuka, boti za kukodi nyingi zimepandishwa, unakaa barazani unakunywa kahawa na kulaumu upepo, na wakati huohuo huko juu masika ishaisha na mito imeanza kusafika. Mie miaka yote navua sijawahi kuiweka hivo kichwani, kwamba bahari ikifungwa mto unafunguka. Hiyo sentensi peke yake kwangu ilikuwa ya elfu mbili.

Pili wamekueleza kwa nini uende juu namna hiyo. Trauti ni samaki wa baridi, maji yakipita nyuzi 20 anaanza kuteseka kwa sababu maji ya joto hayabebi hewa ya kutosha, na bahari yetu hata kusi ikivuma vipi iko juu ya hapo. Ndo mana huyu samaki hakuwepo Afrika Mashariki kabisa, aliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mzungu aliyetembea kutoka Cape mpaka Cairo, alileta mayai ya brauni kutoka Loch Leven huko Scotland yakawekwa mto Gura, Aberdare. Reinbo wakafuata baadaye, na Kiganjo pale karibu na Nyeri kuna kituo cha serikali cha kuzalisha trauti tangu 1948. Karatasi inakushauri upite hapo kabla ya kwenda mtoni ukamwone samaki akiwa kwenye bwawa, ujue anakaaje, na mie naunga mkono manake mtu aliyezoea kushusha mshipi kwenye kina asichokiona anahitaji kuona samaki anayesimama palepale kichwa kimeelekea maji yanakotoka anangoja chakula kimfikie mdomoni. Ukishaona hivo unaelewa kwa nini unamwendea kwa nyuma, kutoka chini ya mto kupanda.

Kuna kitu kimoja kimeandikwa pembeni kwa kalamu, si chapa, nadhani ni kijana mwenyewe: Gura, Chania, Ragati, Thego, Thiba, zote zinaishia Tana, na Tana inaishia Kipini. Kwa hivo maji yale unayosimama ndani yake meno yanagongana kwa baridi ndo hayohayo yanamwagikia bahari yetu huku. Haikusaidii kuvua lakini niliipenda.

Mito waliyoweka ni hiyo pamoja na Sagana, Naro Moru na Burguret. Kila mto wameandika unafikaje kwa matatu, kijiji cha kushukia, na upande gani ni shamba la mtu, upande gani ni msitu wa serikali, upande gani ushaingia paki ya wanyama. Hii ni muhimu kuliko mnavodhani kwa sababu malipo na ruhusa ni tofauti. Kwenye paki ya KWS, shirika la wanyamapori, hupokelewi keshi, unalipa eCitizen, mtandao wa serikali, na karatasi imekwambia ulipe ukiwa bado Mombasa kwenye intaneti nzuri usije ukasimama getini unatafuta netiweki. Ya leseni ya kuvua wamekuelekeza ofisi ya uvuvi. Ya mashamba wamesema ukweli mtupu: bisha hodi, salimia, omba. Mie nilibisha hodi kwa mzee mmoja upande wa Burguret akaniuliza kama samaki wa baharini wameisha, tukacheka, nikapita.

Na la kusifu zaidi, pamoja na kwamba huduma yenyewe inaitwa nenda mwenyewe, wameandika kwa herufi kubwa USIENDE MSITUNI BILA RENJA, yaani askari wa wanyama. Kuna nyati, kuna ndovu, na mto ndo barabara yao. Nilimchukua renja getini nikamlipa yake, mtu mzima mtaratibu, na nilidhani atanihimiza kimya kwa ajili ya samaki, kumbe kinyume. "Mzee wa Mombasa, hapa tunatembea tukipiga stori. Nyati hapendi kushtuliwa. Samaki hana shida na mdomo wako, ana shida na mguu wako." Na kweli, tulikuwa tunaongea kwa sauti ya sokoni huku tunakanyaga kama watu wanaoiba. Mtu anayewaza kwamba kwenda mwenyewe maana yake kwenda peke yake aisome hiyo sehemu mara mbili.

Safari yenyewe naipitia haraka. Treni ya asubuhi kutoka Miritini, pale kwenye ukaguzi mnapanga mizigo chini mbwa wanapita, na ule mrija mrefu wa rodi lazima utaulizwa, ufungue tu uoneshe, usibishane. Syokimau unashika treni ya kuunganisha mpaka mjini, halafu matatu za Nyeri ama Nanyuki. Karatasi imesema lala Nairobi usiku mmoja, mie naona si lazima kama huna watoto. Nguo za baridi wamesisitiza na bado hawajasisitiza vya kutosha. Usiku Naro Moru nilivaa kila kitu nilichobeba pamoja na kikoi shingoni.

Sasa vifaa. Hapa ndo nawashushia nyota.

Rodi waliyonipa ni futi tisa, namba tano (hiyo ni namba ya uzito wa laini inayoirusha), inakatika vipande vinne. Kwenye bwawa ama mto mpana hiyo ni saizi nzuri tu. Lakini hii mito wanayokupeleka wao wenyewe kwenye karatasi yao wenyewe ni myembamba, kuna mahali unaivuka kwa hatua nne, na juu yako miti imefunga. Futi tisa unaipeleka nyuma inanasa, unaipeleka ubavuni inanasa, mwisho unabaki kurusha kwa kuivuta ncha kama upinde na kuiachilia. Mto kama ule unataka futi saba na nusu, namba tatu au nne. Nimewaambia. Wanasema futi tisa ndo zinazoagizwa kwa wingi. Sawa, lakini aliyeandika karatasi na anayeagiza rodi wanakaa duka moja, si waongee?

Halafu chumvi. Duka liko karibu na maji, vitu vinatundikwa ukutani bila kufunikwa, na upepo wetu mnaujua. Kale kajiringi ka ncha ya rodi ambako laini inapitia kalikuwa kana kutu ndani, kidogo tu, huioni mpaka upitishe kucha. Mara za kwanza nikirusha nasikia laini inakwaruza, nikadhani ni mchanga. Nikaishika nikaiangalia kwenye mwanga, ngozi ya laini imeanza kunyofoka, ina vinyweleo. Laini ya nzi si mshipi wa kawaida wa kununua mita mia kwa bei ya soda, ni ghali, na mwenye kutakiwa kulipia laini iliyochunika ni nani, mie au mwenye kutu? Walinirudishia dipoziti yote baada ya mjadala, hilo nasema kwa haki, lakini mjadala ulikuwepo na ulikuwa mrefu.

Kiungo cha kipande cha juu nacho kimelegea. Pale kwenye kidimbwi kimoja kizuri ajabu, jiwe kubwa katikati, maji yanazunguka nyuma yake polepole na nimeona kivuli cha samaki kwa macho yangu, nikarusha, ncha ya rodi ikachomoka ikateleza kwenye laini ikaenda kutua tubwi juu ya kichwa cha yule samaki. Renja alicheka mpaka akaweka bunduki begani vizuri. Akatoa plasta ya jeraha kwenye begi lake tukafungia kiungo, na hiyo plasta ndo ilivua siku zote zilizobaki.

Na lida, ule mshipi mwembamba wa mwisho unaofungia nzi, wamenifungia wa kuhimili pauni ishirini. Pauni ishirini! Huo ni wa kolekole wa baharini. Maji yale ni meupe unahesabu vijiwe chini, trauti anauona mshipi kama kamba ya meli. Nilikuwa na wangu wa pauni nne mfukoni nikabadilisha, ukienda beba wako, usiwategemee.

Nzi wenyewe nawapa alama zote. Kiboksi kimepangwa na mtu anayejua: Kenya Bug, ule mweusi, wako wengi, Coachman wako, na vijidudu vya kuzamisha vya rangi ya kahawia, vyote mwiba wa nyuma wa ndoana umebanwa na koleo ili samaki mdogo umrudishe mzima. Mweusi ndo uliofanya kazi karibu yote. Ukiupeleka juu ya jiwe ukauacha ushuke na maji bila kuuvuta unaona tu laini imesita, hakuna kile kishindo cha baharini, imesita basi, na ukichelewa kuinua ashautema. Mkono wangu wa kuvulia tasi ulinifaa hapo kuliko kitu chochote, wale wa mishipi ya mkono mtanielewa.

Samaki si wakubwa, nisiwadanganye. Wa kiganja na nusu ndo wa kawaida, mmoja wawili walipita hapo. Anayetaka uzito abaki Shimoni. Lakini rangi! Brauni ana madoa mekundu yamezungushiwa weupe ubavuni, ukimtoa majini yanang'aa halafu unaona yanaanza kufifia mkononi, kwa hivo mpige picha haraka ama umrudishe. Wachache niliowabakiza tulipika pale nilipolala. Mama mwenye nyumba yeye ni chumvi na mafuta basi, na mie nilikuwa nimebeba pakiti ya tui, ndimu, saumu na pilipili zangu, nikamwambia Mama niachie jiko la makaa kidogo. Nikafanya wa kupaka. Ngozi ya trauti ni nyembamba inashika kwenye wavu wa jiko kwa hivo paka mafuta wavu kwanza na umgeuze mara moja tu, nyama yake laini ina uwaridi kidogo, haina ile harufu ya tope mtu anayoiogopa kwa samaki wa mtoni. Mama alikula akauliza tui linauzwa wapi Nyeri.

Kitu cha mwisho, hili duka lina karatasi nyingine, ya samoni, bei hiyohiyo elfu tatu, kwa wenye ndugu nje. Shemeji yangu yuko Norway muda mrefu na ananisumbua niende, nikainunua nione. Hii siwashauri. Mambo ya jumla yako sawa: Norway unalipa ada ya serikali ya samoni, halafu kando unanunua kadi ya mto wenyewe, na vifaa vyako lazima viuliwe vijidudu kwa dawa kabla ya kuingia kwa sababu kuna kimelea kinachoua samoni wadogo kinabebwa kwenye mabuti na nyavu. Scotland wameandika Jumapili samoni havuliwi. Alaska wameandika mgeni anaruhusiwa kuvua bila kuongozwa na mtu, anahitaji leseni ya jimbo na stempu ya ziada kama anamtaka kingi, yule mkubwa wao, ambaye rekodi yake ya rodi ni pauni 97 na wakia 4, mto Kenai, 1985. Vizuri. Lakini ni mambo ya kunakili hayo, na hayana tarehe. Juni 2024 Norway walifunga mito 33 katikati ya msimu kwa sababu samoni waliorudi kutoka baharini walikuwa wachache mno, na karatasi ina mito tu, haisemi lolote la kufungwa. Shemeji ndo aliniambia. Fikiria mtu ashakata tiketi ya ndege. Ile ya Mlima Kenya unasoma unahisi mwandishi kalowa miguu, hii ya samoni unahisi kakaa kwenye feni. Kijana nilimwambia akakubali bila ubishi, akasema ataandika juu kwamba mteja apige simu kwa wenye mto kwanza. Sijaona kama kashaandika.

Kwa hivo mie nikirudi, na nitarudi Januari inshallah, nanunua karatasi ya mto mwingine, Ragati naitamani, nachukua kiboksi cha nzi ambacho wanakodisha pia peke yake ukiwaomba, rodi naazima kwa mtu. Suruali ya mpira yao ni nzima haivuji ila saizi zipo mbili tu, na mtu mrefu kama mie inakubana mahali ambapo sitaandika. Ukienda dukani nenda asubuhi kijana akiwepo, mchana anakaa mwenye duka na yeye mambo ya mito hayajui, atakuuzia rapala. Ijumaa wanafunga saa sita mpaka saa nane. Na kabla hujatoa dipoziti, unganisha rodi yote vipande vinne palepale kaunta, itikise, pitisha kucha kwenye kila ringi.